Ushauri: "vanity" kwenye fasihi ya Kiingereza ni kiburi, majivuno au ubatili?

MwalimuWaSita
Wakuu, salaam. Naandaa maelezo ya Kiswahili ya shairi la Thomas Hardy kuhusu kuzama kwa Titanic, The Convergence of the Twain (1912). Ubeti wa kwanza una vanity na pride kwa pamoja. Nikiandika "kiburi" mara mbili, ubeti unakufa. Nikiandika "ubatili", mwanafunzi anawaza mkataba batili. Nitumie lipi, na kwa kigezo gani? Neno hilo hilo linanisubiri kwa waandishi wengine wa Kiingereza: Johnson, Austen na Thackeray.

KalamuYaPwani
Mwalimu, weka kamusi pembeni kwanza. Vanity limetoka kwenye neno la Kilatini vanus, yaani kisicho na kitu ndani, likaingia Kiingereza kupitia Kifaransa. Hapo zikatoka maana mbili ambazo hazijaachana tangu Zama za Kati: jambo lisilo na faida wala kudumu, na tabia ya mtu kujipenda na kutaka atazamwe.

Maana ya kwanza ilipata nguvu kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, Mhubiri 1:2. Neno la Kiebrania pale ni hevel: pumzi, mvuke unaoonekana mara moja ukapotea. Union Version yetu, ile Biblia ya Kiswahili, imeandika "ubatili mtupu", na hapo watafsiri walifanya kazi nzuri sana. Kiebrania hurudia neno kuonyesha kilele, kama kwenye Wimbo Ulio Bora, ambao kwa asili ni "wimbo wa nyimbo". Kiingereza kilibeba muundo huo mzimamzima, vanity of vanities. Kiswahili kikatumia "mtupu" na maana ikafika. Kwa hiyo mwanafunzi asiandike "ubatili wa ubatili" akidhani kuna ubatili mmoja unaomilikiwa na mwingine.

Usijaribu "utupu" peke yake; msomaji ataona uchi.

Mhakiki_88
Kigezo changu ni sarufi. Ukiona vanity of na kitu mbele yake, ni ubatili. Shairi la Samuel Johnson la 1749, The Vanity of Human Wishes, linasema matamanio ya binadamu ni bure: Kardinali Wolsey anapanda na kuanguka, Charles wa 12 wa Uswidi anatafuta ushindi na kuishia pabaya. Wengine wanaandika "majivuno ya matamanio ya binadamu", na hapo hakuna maana yoyote.

KalamuYaPwani
Mkuu, kwa Johnson uko sahihi, ila kigezo kitakuangusha kwenye Persuasion ya Austen. Sura ya kwanza inasema tabia ya Sir Walter Elliot ilianza na kuisha kwa vanity of person and of situation. Pale person ni umbo na sura yake, situation ni cheo chake cha ubaroneti. Austen hasemi kwamba sura ya Sir Walter ni bure. Anasema Sir Walter anaringia sura na cheo. Jaribu kubadilisha: "kujivunia X" ikikaa vizuri, ni tabia, "X ni bure" ikikaa vizuri, ni ubatili. Sarufi ni ile ile, maana ni mbili. Kwa sura yake ningetumia "ulimbwende", maana "majivuno" yanasikika zaidi mdomoni kuliko mbele ya kioo.

Mhakiki_88
Nimekubali, nimejifunza. Niongeze la pride. Kwenye Pride and Prejudice (1813), sura ya 5, Mary Bennet anatofautisha: pride ni tunavyojiona wenyewe, vanity ni tunavyotaka wengine watuone. Kipimo ni rahisi: ondoa watazamaji. Hisia ikibaki ni kiburi, ikififia ni vanity. Lakini wanafunzi wanainukuu kama kauli ya Austen na kupoteza alama. Msemaji ni Mary, na sura inayofuata msimulizi anasema Mary mwenyewe anasukumwa na vanity katika bidii yake. Andika "Mary anadai".

DadaMsomaji
Kwa Thackeray, rudini kwanza kwa John Bunyan na kitabu chake The Pilgrim's Progress (1678). Vanity kwake ni jina la mji, na mji huo una gulio linaloendelea mwaka mzima, vinauzwa humo nyumba, vyeo, hata falme. Thackeray alichukua jina hilo kwa riwaya yake ya 1847 hadi 1848. Kwa hiyo Vanity Fair ni "Gulio la Ubatili". "Maonyesho ya Majivuno" yanamfanya msomaji amtafute mtu mmoja mwenye maringo, akamkamata Becky Sharp, mhusika mkuu, na kuwaachilia wengine wote, wakati gulioni kila mtu ananunua.

Msisahau pia vain. In vain ni "bure", kama kwenye amri ya kutolitaja bure jina la Mungu. Vain hope ni tumaini la bure. Vain man kwa kawaida ni mwenye majivuno.

MwalimuWaSita
Asanteni sana. Sasa Hardy: nimeandika "mbali na majivuno ya wanadamu, na kiburi cha maisha kilichoiunda". Inafaa?

KalamuYaPwani
Badilisha "maisha" kuwa "uzima". Pride of Life ni maneno ya 1 Yohana 2:16, na Union Version inasema "kiburi cha uzima". Ukiyaacha, mwangwi wa Biblia unapotea.

Kwa vanity, hapa ndipo pagumu, kwa sababu Hardy anataka zote mbili. Ubeti wa 3 una vioo vya matajiri vinavyotambaliwa na wadudu wa bahari: hayo ni majivuno. Ubeti wa 5 samaki wanauliza fahari tupu hii inafanya nini huku chini: huo ni ubatili. Ningeandika "ubatili wa wanadamu" ndani ya ubeti, kwa kuwa kiburi kinafuata mara moja na majivuno yangekaa karibu nacho mno. Kisha maelezo ya mstari mmoja chini, yakitaja vioo. Hapo hapo mweleze mwanafunzi kwamba "ubatili" huu si ule wa mahakamani. Ni wa kitabu cha Mhubiri.

DadaMsomaji
Na maelezo hayo yakae chini ya ubeti wa 1. Ukiyaweka mwisho, atafika kwenye vioo akiwa na maana moja tu kichwani.