Fundi kagonga krenki kwa nyundo, flaiwili imekatika kii, halafu ananiambia spea yangu ni feki

Mwangaluka wakuu. Leo ni siku ya tisa mashine yangu iko chini na nimevumilia vya kutosha, acha niseme.

Nina pikipiki ya matairi manne, cc 250, nafanyia kazi mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, huku Kayenze, Mwanza. Kazi yake ni moja tu, mitumbwi ikifika alfajiri navuta dagaa wabichi kutoka majini mpaka kwenye chanja za akina mama, maana pale mchangani bodaboda inazama na kirikuu haifiki. Wanaojua dagaa wanajua kazi ipo kwenye giza, mbalamwezi ikitoka taa hazivuti kitu na watu wanapumzika. Sasa mashine imekufa giza ndo limeanza. Mtanielewa kwanini nina hasira.

Ilianza na kelele upande wa kushoto, kachakachakacha ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila resi, ukipiga resi inapungua. Betri ikawa haichaji, asubuhi stata inavuta kichovu. Fundi wa kwanza hapa hapa kijijini akasema kabureta, tukasafisha kabureta, wapi. Nikafungua mwenyewe kava ya magneti. Wakuu, ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na krenki (shafti kuu ya injini), kuna sumaku zimegandishwa kwa gundi kuzunguka ukuta, moja ilikuwa imebanduka, imepasuka kona na imeanza kuzikwangua koili, zile nyaya zinazozalisha umeme, unaona shaba inang'aa kabisa. Yaani pale hakuna cha kubahatisha, ni kubadilisha flaiwili na koili zake. Nikaagiza seti kutoka Dar ikaja na basi, laki mbili na ishirini, nikalinganisha idadi ya sumaku na kile kinundu cha nje ambacho pikapu (sensa) inakisoma ili CDI, kile kiboksi cha moto wa plagi, ijue lini irushe moto. Vyote sawa. Nilihakikisha kwa mikono yangu.

Kilichonikwamisha ni pula tu, kile kifaa cha kuvutia flaiwili itoke. Flaiwili inakaa kwenye ncha ya krenki iliyochongwa kama koni, ukikaza nati inang'ang'ania pale kama imechomelewa, haitoki mpaka uwe na pula ya saizi ya thredi zake, na kuna modeli thredi za pula zinafungwa kinyume. Ndo maana nikapakia mashine kwenye kirikuu mpaka mjini, kwa fundi ambaye kila mtu ananiambia ni bingwa. Nikamuuliza kabla hata sijashusha, fundi una pula ya hii? Akasema ninayo bosi, wewe niachie. Nikamwambia mara mbili, mdogo wangu usigonge, kama huna niambie nikatafute, pula yenyewe haizidi elfu thelathini. Akacheka akasema hii kazi nimeifanya miaka kumi na mbili.

Jioni nikaifuata. Inawaka, betri inachaji, nikalipa elfu hamsini, nikarudi nimefurahi.

Siku tatu. Siku ya nne saa kumi na moja alfajiri, trela limejaa ndoo, nipo katikati ya mchanga, injini ikapiga mlio mmoja mkubwa kwenye ekzosi ikazima. Ukipiga stata inazunguka, moto upo, lakini inakohoa tu na kurudisha nyuma. Akina mama wameshafika na mabeseni. Kuna mama mmoja alikuwa kanunua dagaa wa mkopo siku ile ya kwanza, ilibidi abebe ndoo kichwani kurudia rudia mpaka jua likachomoza, na mchana mvua ikanyesha dagaa hawajakauka. Wakaoza. Mimi ndo nilimwambia usiajiri vijana, mashine imepona. Hilo ndo linaniuma kuliko hela.

Nikafungua kava tena. Nati ilikuja kwa mkono. KWA MKONO wakuu, nati ya flaiwili! Kichwa cha krenki kimechanua kama uyoga kwa nyundo, thredi mbili za mwanzo zimelala, nyuma ya flaiwili ya zamani (nilikuwa nimeirudisha nayo) kuna makovu ya bisibisi pande mbili alipokuwa anaipindua huku mwenzie anagonga. Pula hakuwahi kuwa nayo. Na nati aliilazimisha juu ya thredi zilizokufa, ikawa ngumu akadhani imekaza, kumbe haijabana chochote. Kwenye koni kumejaa oili, hata kufuta kwa kitambaa hakufuta. Kile kii cha nusu mwezi, kichuma kidogo kinachokaa kati ya flaiwili na krenki, kimekatika katikati kama biskuti, flaiwili imezunguka kwenye krenki ikaichimba mifereji, ndo maana moto ulikuwa unarushwa wakati sio wake.

Halafu sio hivyo tu. Nyuma ya flaiwili kuna klachi ya stata, ina rola tatu na springi zake. Nimekuta mbili. Nilipoenda kwake kulalamika, ile ya tatu nimeiokota mimi mwenyewe kwenye kopo lake la petroli la kuoshea spea, imelala chini na springi yake. Nikamuonyesha hivi kwenye kiganja. Akanyamaza.

Alipofungua mdomo ndo akaniambia "bosi spea yako ni ya Kichina, halafu unabebesha mzigo mkubwa, ndo maana kii imekatika." Hapana. Kii haibebi mzigo. Kii kazi yake ni kuweka flaiwili kwenye pozi sahihi wakati unafunga, kinachoshika ni ile koni ikiwa kavu na safi na nati iliyokazwa kwa kipimo. Kila modeli ina kipimo chake na kuna spana ya kupimia, yeye kakaza kwa bomba na kuhisi. Ingekuwa koni imeshika, ningevuta trela mpaka Igombe na kurudi kii isiguswe.

Sasa hivi hesabu yangu ni krenki nzima, na krenki haitoki mpaka upasue injini katikati, gasketi zote mpya, na beringi za krenki nazo sina imani nazo maana nyundo yote ile ilipitia humo. Nimeambiwa laki tano na nusu. Kutoka kwenye kazi ya pula ya elfu thelathini! Nimemwambia alipe hata nusu, anasema nimletee mashine aifunge bure. Aifunge na nini, nyundo ileile?

Fundi kutokuwa na pula sio dhambi, hata mimi sikuwa nayo. Aliniangalia usoni akasema anayo. Angesema tu bosi sina, ningepanda daladala nikazunguka maduka ya spea, siku ingeisha na krenki yangu ingekuwa nzima.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kuna mtu anajua karakana ya mashine Mwanza wanaoweza kujaza na kuchonga upya koni ya krenki ikakaa kwenye senta, au nisipoteze muda ninunue tu mpya? Na la pili, kwa hapa Ilemela malalamiko kama haya unaanzia wapi, serikali ya mtaa au polisi moja kwa moja? Kii iliyokatika, nati na flaiwili yenye makovu vyote nimevifunga kwenye mfuko, anayebisha aje mwaloni avishike.