Mwanangu amesimamishiwa leseni Texas, anaambiwa alete "SR-22". Nitume pesa?

MamaViazi_Njoro

Hamjambo nyote. Mimi ninaishi Njoro na ninauza viazi pale Wakulima, Nakuru. Kifungua mimba wangu yuko Irving, Texas, tangu 2019. Anatunza wazee, shifti ya usiku. Juzi ndipo aliponiambia jambo alilonificha miezi saba: leseni yake imesimamishwa. Alikamatwa mara mbili akiendesha bila bima. Mara ya pili, Septemba 2024, alikiri kosa kortini, akalipa faini, akadhani yameisha. Halafu barua ikaja.

Gari aliliuza akalipa kodi ya nyumba. Sasa anabebwa na mwenzake wa kazini, na siku ambazo mwenzake hayuko zamu anatembea usiku kwa muda wa saa moja na nusu, kando ya barabara kubwa. Siku hizo mimi silali.

Anasema leseni haitarudi mpaka apate bima yenye kitu kinaitwa SR-22. Jirani amenijulisha kwa jamaa mmoja hapa mjini anayesema anaweza kunitolea hiyo SR-22 kwa 18,000. Nitume M-Pesa, naye atanitumia karatasi kwa WhatsApp. Mwezi jana niliuza mtamba, kwa hivyo pesa iko. Ila moyo unakataa.

Naomba anayejua aniambie: hii ni karatasi ya kununuliwa? Na mtu asiye na gari anakatia bima kitu gani?

BimaMilimani

Mama, usitume hata shilingi. Nimeuza bima hapa Nakuru miaka kumi na moja na nakwambia wazi, hakuna mtu wa Kenya anayeweza kutoa cheti cha bima cha Texas. Anayekuandikia ni kampuni yenye kibali cha kuuza bima kule.

Naona ni kwa nini tunanaswa. Hapa kwetu tumezoea bima kuwa stika. Ukiwa nayo uko sawa, na zamani wengine walinunua za uongo wakapita nazo vizuizini. Siku hizi hata hapa stika ni ya kidijitali, polisi anaichunguza kwa simu. Na wengi hawajui kwamba sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 405, kifungu cha 4, inasema anayepatikana na hatia ya kuendesha bila bima anapoteza haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12, isipokuwa korti ione sababu maalum. Kwa hivyo kosa la kijana si geni. Njia ya kurudi ndiyo tofauti, na hiyo namwachia aliyeipitia.

Kondele_hadi_Arlington

Mama, pole. Nilikaa Arlington miaka tisa, si mbali na hapo Irving, na nilikuwa na SR-22 mimi mwenyewe. Nikueleze polepole maana mimi hakuna aliyenieleza.

SR-22 si bima. Unanunua bima ya kawaida, kisha kampuni inaiandikia serikali ya jimbo: huyu tumemkatia bima, na akiiacha tutawaambia. Katika Texas barua hiyo inakwenda kwa Idara ya Usalama wa Umma, DPS. Kijana akipeleka ile kadi ya bima peke yake hawaikubali, ni lazima fomu yenyewe. Sasa jiulize, picha ya WhatsApp kutoka Nakuru itasaidia nini?

Kuhusu gari: kuna bima ya mtu asiye na gari. Amwambie ajenti neno kwa neno, "non-owner SR-22". Inamfuata yeye anapoendesha gari la kuazima, na inalipa watu atakaowaumiza na mali atakayoharibu. Haitengenezi lile gari la kuazima, na kwa kawaida haishughulikii gari la mtu anayeishi naye nyumba moja. Kiwango cha chini cha Texas ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Hicho kinatosha kwa SR-22. Akijaribiwa kuuziwa zaidi, aulize kwanza bei ya hicho cha chini. Na kwa kuwa hana gari la kulinda, bei huwa afadhali kuliko ya mwenye gari.

Kisha kuna ada ya kurudishiwa leseni, dola 100, inayolipwa DPS. Asilipe kwa kukisia. Kwenye tovuti yao kuna mahali pa kuingiza namba ya leseni, kinatokea kila kitu kinachomzuia, kimoja kimoja. Mwenzangu mmoja alilipa akafurahi, kumbe kulikuwa na tiketi ya zamani katika korti ya mji mwingine, na leseni ikabaki palepale.

Sasa jambo lililoniumiza mimi. SR-22 haipaswi kukatika hata siku moja. Mwezi wangu wa kumi na nne baba alifariki, nikaja Kisumu kuzika. Wiki tano. Nikiwa nyumbani kadi yangu ya benki ikaisha muda, malipo ya bima yakagonga mwamba, kampuni ikafuta bima na kuliarifu jimbo, kama inavyotakiwa. Barua ilikuwa inanisubiri Arlington kwenye sanduku la posta, chini ya matangazo ya pizza. Niliendesha wiki mbili sijui kwamba sina leseni. Aliponisimamisha askari, lilikuwa kosa jipya juu ya lile la kwanza. Nililipa wakili kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya kaburi la baba, na mpaka leo nikipita pale nyumbani kwetu nakumbuka.

Kwa hivyo, Mama, ukitaka kumsaidia, usimlipie mwezi wa kwanza kwa kishindo kisha umwache. Muulize ni kiasi gani anaweza kulipa kila mwezi hata mwezi mbaya. Afadhali bima nyembamba isiyokatika. Na mpaka DPS iseme leseni iko sawa, asiguse usukani, hata kama bima ameshalipa.

Mulembe_Minneapolis

Niongeze kwa wanaosoma wakiwa majimbo mengine. Mimi ni muuguzi Minnesota, kwetu ni Kakamega. Huku hakuna SR-22 kabisa, na New York na Pennsylvania vilevile. Florida na Virginia, ukikamatwa umelewa, wanataka nyingine iitwayo FR-44, yenye viwango vya juu. Mtu asichukue ushauri wa binamu wa jimbo jingine. Na Mama, mwanao akihama Texas kabla ya muda kuisha, asikate bima kwa kuwa amehama. Apige simu kwanza.

MamaViazi_Njoro

Mungu awabariki. Nimesoma kila neno, mengine binti yangu amenisomea mara mbili. Yule jamaa nimemwambia sitaki, akaanza kushusha, 12,000, kisha 9,000. Hapo nikajua.

Jana usiku nilimpigia kijana tukafungua ile tovuti pamoja, yeye akiisoma na mimi nikiandika kwenye daftari la viazi. Vitu vitatu: SR-22, dola 100, na kweli, tiketi ya mwendo kasi ya 2022 ambayo alikuwa ameisahau. Kondele, bila wewe tusingeiuliza. Bima ya asiye na gari ameambiwa dola 61 kwa mwezi. Anasema anaiweza. Nimempa ya tiketi na ile 100 kutoka kwa mtamba, bima atalipa mwenyewe.

Swali moja limebaki. Ajenti wake anasema ni miaka miwili. Miaka miwili kuanzia lini? Maana miezi saba imeshapita bure.

Kondele_hadi_Arlington

Haikupita bure, Mama. Texas inahesabu miaka miwili kuanzia tarehe ya hukumu ya mwisho, si siku aliyonunua bima. Kama hukumu ni Septemba 2024, ni hadi Septemba 2026. Atafute karatasi ya korti aone tarehe kamili, na asifute bima mpaka DPS yenyewe imwonyeshe kwamba haihitajiki tena.

Na tarehe ambayo kadi yake ya benki inaisha muda, iandike kwenye hilo daftari la viazi.

MamaViazi_Njoro

Nimeshamuuliza. Machi 2026. Nimeiandika ukurasa wa kwanza, juu ya wanaonidai magunia.