Nitoe programu yangu bure au niiuze? Nataka iwe sokoni kabla ya Ramadhani

Kijana_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mie nipo Wete, Pemba, nasomesha skuli ya sekondari, na jioni nafanya kazi za michoro ya kompyuta. Kuna kiprogramu cha simu nimekitengeneza, cha kupangia kazi za siku. Tofauti yake na hizi nyengine, hakina saa. Siku imekatwa kwa sala: baada ya alfajiri, baina ya adhuhuri na alasiri, baada ya isha. Ukiandika "kumpelekea mama dawa" huchagui saa 10 na robo, unachagua "baada ya alasiri", na arifa inakuja sala ikishapita. Maana'ke sie ndivyo tunavyoahidiana. Hapa Wete nani atakwambia mkutane saa 10 na dakika 15?

Naitumia mwenyewe, mke wangu anaitumia, na walimu wenzangu kadhaa. Nataka iingie Play Store kabla ya Ramadhani na muda unakimbia. Swali langu ni moja tu: niitoe bure niweke matangazo, niiuze, au iwe bure halafu watu walipie vya ziada? Nimekwama hapo, usingizi sipati. Naomba tusitoke nje ya mada.

Ukhti_Mbweni
Waalaykum salaam. Mashaallah, wazo zuri. Lakini matangazo kwenye kitu cha sala? Juzi nimefungua programu moja ya nyakati, kabla sijaona adhuhuri ni saa ngapi nikatokezewa na tangazo la kubeti. Nikaifuta hapo hapo.

Kijana_Wete
Dada, yangu haikumbushi sala. Inakumbusha kazi baada ya sala.

Ukhti_Mbweni
Mwenye tangazo la kubeti hajui tofauti hiyo.

KarafuuMbichi
Mie nataka moja ya kumkumbusha mdeni wangu. Kaniambia "baada ya isha" mwaka juzi.

Fundi_Darajani
Matangazo usijaribu yakhe, nikupe yangu. Nilitoa programu ya tochi, enzi ambazo simu nyingi hazikuja na tochi. Pesa za AdMob, yale matangazo ya Google, zikifika dola 10 wanakutumia barua yenye namba ya siri, kwa posta, ndo wathibitishe anuani yako. Mie sanduku sina, nikaandika la mjomba. Mjomba sanduku hajalifungua tangu astaafu. Namba imekuja haikuja, sijui. Nikaomba nyengine. Hata ungeipata, hawakulipi mpaka zifike dola 100. Tochi ya Mzanzibari itafika lini dola 100? Mpaka leo zimo humo, dola 14 na senti, na simu zote sasa zina tochi.

Uza. Mtu akipenda atalipa.

BiShuu_Fuoni
Atalipa kwa nini? Watu wetu kadi za benki za kununulia mtandaoni hawana. Ukimwambia alipe elfu mbili kwa simu atakulipa, ukimwambia aweke kadi anaona unamwibia. Na ukiuza kupitia Play Store kumbuka Google wanachukua asilimia 15 yao.

Mzee_wa_Bandarini
Wanangu nimesoma nimefurahi. Mtakumbuka ile Disemba 2009 umeme wa waya wa chini ya bahari ulipokatika, Unguja tukakaa kizani hadi Machi 2010. Mie nilikuwa na duka la barafu. Barafu ikaisha, duka likaisha, nikawa nakaa barazani mchana kutwa. Vipaza sauti vya misikiti vingi kimya, muadhini anaadhini kwa koo lake, na mtu unatega sikio. Nakwambieni siku zile kila mtu alikuwa anajua ni wakati gani. Sasa mna simu mkononi na bado mnachelewa maziko.

Bei sijui. Ila usiiuze ghali.

Nahodha_wa_Bando
Bei iweke pembeni kwanza, kuna mawili ya kukuuliza.

La kwanza, akaunti ya Play Store ni ya binafsi? Kama imefunguliwa baada ya Novemba 2023, huwezi kuitoa hadharani mpaka watu 12 wawe wameijaribu siku 14 mfululizo bila kujitoa. Zamani walitaka 20. Unao hao 12? Ramadhani hiyo inakuja.

La pili, nyakati unazihesabu vipi? Alfajiri umeiweka jua likiwa nyuzi ngapi chini ya upeo? Muslim World League wanatumia 18, Wamisri 19.5. Kwa huku kwetu hiyo ni kama dakika sita. Na arifa zikoje kwenye simu zinazobana betri? Android 14 haiipi programu mpya ruhusa ya kengele za wakati kamili mpaka mtumiaji aikubali mwenyewe. Bila hilo "baada ya alasiri" itamfikia mtu magharibi.

Kijana_Wete
Ahsante kaka. Watu 12 natafuta, aliye tayari anitumie barua pepe yake kwa faragha. Imeandikwa kwa Flutter, zana ya kuandikia programu za simu. Hizo nyuzi zimewekwa sawa.

Nahodha_wa_Bando
Zimewekwa sawa ni ngapi?

Kijana_Wete
Za kawaida.

KarafuuMbichi
😂 Mwalimu huyo. Mwanafunzi akimjibu "za kawaida" anampa sifuri.

Nahodha_wa_Bando
Sikuchokozi. Umesema unafanya michoro. Nani ameiandika programu?

Kijana_Wete
Wazo langu, michoro yangu, jina langu, maneno yote ya ndani nimeyaandika mie. Kuna fundi alinisaidia upande wa kuandika. Lakini hayo si hoja, nimeuliza bei.

BiShuu_Fuoni
Mwanangu, "alinisaidia" maana yake nini? Alikushikia tochi au alijenga nyumba?

Kijana_Wete
Aliandika.

BiShuu_Fuoni
Yote?

Kijana_Wete
Bi Shuu, yote ndiyo, lakini bila michoro yangu angeandika nini? Nilimpa karatasi za kila ukurasa, rangi, kila kitu kimepangwa. Yeye kazi yake ilikuwa kufuata. Nami nilimwambia tutaelewana mbele.

Ukhti_Mbweni
Mkaelewana?

Kijana_Wete
Amekwenda Muscat kufanya kazi. Kumpata taabu. Sasa mie nisubiri mpaka lini? Akaunti ipo kwa jina langu na pasi yangu ya kusafiria, nimeshaweka kila kitu, yeye nimemtoa kwenye akaunti kwa muda tu, kusiwe na mkanganyiko wakati wa kutoa. Hii ni kawaida kwenye biashara.

Fundi_Darajani
Ile dola 25 ya kufungulia akaunti alilipa nani?

Kijana_Wete
Kadi yake, kwa sababu mie sina kadi. Nitamrejeshea.

Ukhti_Mbweni
Subhanallah. Kaka, kwenye sharika, ushirika wa biashara wa Kiislamu, mmoja anaweza kuweka mali na mwengine nguvu, na wote wana fungu, mnapatana mwanzoni nani achukue ngapi. Huyu kaweka mali na nguvu. Wewe umeweka rangi.

Kijana_Wete
Nimeweka wazo dada. Wazo halina thamani?

Ukhti_Mbweni
Lina. Na mwenzio ana fungu.

Nahodha_wa_Bando
Tuache fatwa, tuzungumze chuma. Maandishi ya programu ile anayo kwenye laptopu yake au unayo wewe?

Kijana_Wete
Ninalo faili lililokamilika, lile la kupandisha.

Nahodha_wa_Bando
Basi huna kitu. Faili lile ni chapati iliyoiva, huwezi kuirudisha unga. Kila mwaka, mwisho wa Agosti, Google wanasogeza kiwango cha Android wanachotaka. Usipopandisha toleo jipya, wenye simu mpya hawataiona programu yako. Na toleo jipya halitoki bila maandishi yake ya asili. Ukiweka bei ya elfu mbili au ya bure, mwakani itajifia tu.

Na kisheria, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003, na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Bila mkataba unaosema vyengine, aliyeandika ndiye mwenye alichoandika. Michoro ni yako, programu ni yake. Akiandika malalamiko Google, wanaishusha kwanza.

Mzee_wa_Bandarini
Mie mshirika wangu wa barafu alikuwa ndugu wa tumbo moja na hatukuandikiana. Hatusemezani mpaka kesho.

Kijana_Wete
Mnanihukumu kama mwizi. Si mtu baki huyu, shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mambo ya ndani tutayamaliza wenyewe. Na sikumkimbia, ujumbe nimempelekea.

BiShuu_Fuoni
Ulisema kumpata taabu. Hajibu?

Kijana_Wete
Anajibu. Anataka nusu.

BiShuu_Fuoni
😳

Fundi_Darajani
Fundi. Kisha mtu wa Muscat. Kisha shemeji. Tukingoja mpaka usiku atakuwa baba yake.

Mtoto_wa_Konde
Nilikuwa nasoma kimya ila sasa naona mchezo. Someni tena jamani. Mtu anakuja na kisa cha kuwapandisha watu damu, katikati anapenyeza "aliye tayari anitumie barua pepe". Anahitaji 12. Humu, na wanaosoma kimya, tushapita 12. Kuna aliyetuma?

KarafuuMbichi
Mie nimetuma 🙈 na nimetumiwa kiungo, nimeshaifungua. Nzuri kwa kweli.

Mtoto_wa_Konde
Ndo hivyo. Kisha mwangalie vizuri mwenyewe. Anasema yupo Wete. Weka picha ya ukurasa wa leo, Karafuu.

KarafuuMbichi
Nimeweka hapo chini. Adhuhuri, alasiri, magharibi, vyote vipo.

Mtoto_wa_Konde
Hiyo magharibi si ya Wete. Ni ya Mjini, Unguja. Mie niko Konde, jua nalijua linavyozama hapa. Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja, na miezi hii ya kaskazi jua la Wete linatangulia la Mjini kwa dakika tatu hivi. Wakati wa kusi ungenidanganya, tofauti karibu hakuna. Leo hunidanganyi. Mtu wa Wete, mwalimu, ameitumia na mke wake na walimu wenziwe, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba msikiti unaadhini kabla ya simu? Huyu yupo zake Mjini anatafuta watu wa majaribio. Shemeji hayupo, Muscat haipo.

Fundi_Darajani
Wallahi nilianza kuhisi kwenye pasi ya kusafiria.

Ukhti_Mbweni
Nami nimemsomea mlango mzima wa sharika! Wasimamizi mko wapi?

Kijana_Wete
Mie si tapeli na nipo Wete, naisikia bahari nikiandika. Magharibi ni ya Mjini kwa sababu shemeji aliiandika akiwa kwake Kikwajuni, akaweka latitudo na longitudo ya pale kwa kujaribia, akasema baadae ataiachia simu itafute yenyewe mahali ilipo. Hakuwahi. Nami siwezi kuibadilisha, nimekwambieni ninalo faili tu. Dakika tatu haziharibu kitu, nimesema haikumbushi sala!

Nahodha_wa_Bando
Mtoto wa Konde, mie hapa namuamini. Mwongo angeweka saa sahihi.

Mtoto_wa_Konde
Au mwongo mvivu.

BiShuu_Fuoni
Hebu ngojeni. Unataka kuitoa Ramadhani. Mtu wa Wete akiweka "daku kabla ya alfajiri" humo, ataamshwa kwa alfajiri ya Kikwajuni?

Nahodha_wa_Bando
Ndiyo Bi Shuu, na hapo ndo pabaya. Magharibi ikichelewa utafuturu umechelewa, hakuna dhambi. Lakini alfajiri ya Wete nayo inatangulia, dakika moja mbili. Mtu anakula akijua ana wakati, kumbe wakati umetoka.

Mzee_wa_Bandarini
Mtu mwenye akili anaacha kula kabla ya hapo. Sie tulikuwa tunaacha muadhini akikohoa.

Ukhti_Mbweni
Mzee, wapo wanaokula mpaka "Allahu akbar" ya mwisho. Namjua mmoja, nimeolewa naye.

KarafuuMbichi
Mie nipo Chake, niifute au niiache?

Mtoto_wa_Konde
Iache, ujitie dakika mbili kwa mkono kama babu zako. Haya, tuseme ni kweli. Kijana, nani atakutengenezea hilo la Wete?

Kijana_Wete
Nishamuuliza fundi mmoja wa hapa, anasema bila maandishi ya asili anaanza upya, na bei aliyonitajia sina. Basi nitampigia shemeji. Lakini kwa hilo la mahali tu, aniwekee simu itafute yenyewe. La nusu sijalikubali. Nusu ni nyingi kwa mtu aliyefuata michoro.

Fundi_Darajani
Na bei umeamua?

Kijana_Wete
Bure kwanza, bila matangazo. Baadae tutaona.

Nahodha_wa_Bando
Sawa. Mwandikiane, hata ukurasa mmoja, mkasajili jina la biashara BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, kisha mgawane mtakavyo. Na mrudishe kwenye akaunti kabla hujampigia.

Kijana_Wete
Nikimrudisha, Google wanampelekea taarifa? Maana'ke hajui kama nilimtoa.

Nahodha_wa_Bando
Anapata mwaliko mpya kwa barua pepe. Atajua.