Kikundi cha kuacha pombe Kigoma, naanzia wapi?

Fundi_Katonga

Habari za saa hizi wadau. Nipo Katonga, natengeneza mashine za boti za dagaa. Kuacha pombe nimeshaamua, kwa hiyo naomba tusipoteze muda kuambiana ina madhara gani. Ninachotafuta ni watu wa kukaa nao.

Wa ziwani mnajua mambo yetu. Siku za giza, mwezi usipoonekana, watu wako majini usiku kucha na taa zao, na mimi mchana nina mashine za kufungua, basi nakunywa kidogo. Balaa ni mbalamwezi, taa hazivuti dagaa. Boti ziko ufukweni, nyavu zinashonwa, hela ya mauzo iko mfukoni na gongo iko nyuma ya nyumba ya tatu. Asubuhi sishiki spana mpaka nizimue kwanza.

Nasikia Dar na Arusha walevi wanakutana wenyewe kwa wenyewe. Huku nafanyaje? Na ni lazima uwe Mkristo? Mimi ni mtoto wa Ujiji, wazee wangu ni watu wa msikitini. Mji wenyewe ndiyo huu, nikionekana naingia mahali asubuhi, adhuhuri mama ameshaambiwa.

Muuguzi_Mwanga

Hongera kaka. Ila kabla ya kikundi, nakuomba sana: kama unatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa umejifungia chumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kukuletea degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Ikifika siku ya pili au ya tatu, wengine wanachanganyikiwa, wanaona vitu ambavyo havipo, homa inapanda. Watu wanakufa kwa hilo, na mtaani inasemwa wamerogwa.

Nenda Maweni, ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, uliza huduma ya afya ya akili. Taja kiasi unachokunywa kweli, usikipunguze kwa aibu. Kuna dawa za kutuliza arosto kwa siku chache, na kuna vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu mara nyingi imemwishia. Nenda na mtu. Na vidonge vya usingizi usijinunulie dukani, vikikutana na pombe vinaweza kuzima pumzi.

Asali_ya_Tabora

Fundi, msikilize dada hapo juu, halafu urudi kwangu. Mimi nipo Isevya, Tabora, na pombe nimeiacha.

Suala la dini lisikuzuie. Alcoholics Anonymous, wengi tunaita AA, ilianza 1935 kule Akron, Ohio, Marekani, walipokutana Bill W. na daktari anayejulikana kwa jina la Dr. Bob, wote wawili walevi. Waliona kwamba mlevi anamsikia mlevi mwenzake hata pale ambapo hamsikii mke wala kiongozi wa dini. Hatua zao 12 zinamtaja Mungu, lakini kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu. Kwetu tunakaa Waislamu na Wakristo, alasiri ikiingia mtu anakwenda kuswali na kurudi. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha. Hakuna kiingilio, hakuna daftari la majina, na yanayosemwa pale yanabaki pale.

Mtu anataja jina lake la kwanza, anasema yeye ni mlevi, anaeleza yake. Hakatizwi wala hapewi ushauri. Mimi ukoo mzima ulikuwa umenishauri, kwa hiyo kukaa mahali nisikoshauriwa ndiko kulikonishika. Siku ya kwanza sikufungua mdomo. Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa malori ya tumbaku, alinisogezea kikombe cha chai akakijaza nusu tu. Alishaiona mikono yangu, alijua kikijaa nitamwaga mbele za watu.

Usisubiri ukute kikundi kimeshaandaliwa. Sisi tulianza wawili, na wawili wanatosha. Mwambie atakayekutibu kwamba unatafuta mwenzako, akiwa na mgonjwa mwingine anayeacha anaweza kuwaunganisha kwa ridhaa ya wote. Mikutano ya mtandaoni nayo ipo mchana na usiku. Mingi ni ya Kiingereza na bando inakwenda, lakini unaweza kuzima kamera ukasikiliza tu.

Ratiba msiige Jumamosi ya watu wa ofisini. Ninyi fuateni mwezi: mbalamwezi kutaneni kila siku, giza likirudi hata mara moja kwa wiki, mchana, watu wakishaamka.

Mama_Kasulu

Samahani naingilia. Mume wangu hataki hata kusikia habari hizi. Nimeletewa unga nimwekee kwenye mboga kwa siri, pombe imkatae. Niweke?

Muuguzi_Mwanga

Usiweke, mama. Hata zile dawa halali za kumfanya mtu aikatae pombe hapewi mpaka ajue na akubali, maana akinywa juu yake presha inaweza kushuka vibaya na moyo ukapata shida. Huo unga haujulikani hata ni nini.

Fundi_Katonga

Nashukuru sana. Kesho naenda Maweni na shemeji yangu, nimeshamweleza kila kitu.

Wazo la mwezi nimelichukua. Kuna kijana wa nyavu aliyewahi kuniambia na yeye amechoka, nikitoka hospitali namfuata. Tutakaa karakana kwangu. Kila siku watu wanaingia pale na mashine zao, hakuna atakayeuliza wamefuata nini. Aliyepo Katonga, Kibirizi au Ujiji anayetaka kuacha, aniandikie pembeni. Tunaanza mbalamwezi hii, saa kumi jioni.