Nesi mwenye mtoto: Ujerumani au Ayalandi?

Sista wa Umoja

Wadau, za jioni. Naandika nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia kidogo, mnivumilie nikirefusha.

Mimi ni nesi, diploma ya uuguzi (KRCHN) kutoka chuo cha KMTC, mwaka wa saba kazini. Niko hospitali fulani ya kibinafsi huku Eastlands, ambako mshahara wa Machi tuliuona Mei. Nina binti wa miaka minane, Gredi ya 3. Siku za shule tuko wote Umoja, likizo huwa kwa mamangu Machakos. Baba yake aliingia mitini 2019 na hatumjadili hapa.

Kuondoka nimeshaamua. Wapi, ndiyo sijui. Mezani kwangu kuna karatasi mbili. Moja ni ya Goethe, wale wanaofundisha Kijerumani pale Maendeleo House, Monrovia Street. A1, ngazi ya kwanza ya lugha, niliipita kwa raha, A2 kwa machozi, na ada ya B1 inatakiwa kabla ya tarehe 15. Ya pili ni fomu ya OET, mtihani wa Kiingereza cha watu wa afya. Rafiki yangu tuliyesoma naye yuko Ayalandi mwaka wa pili sasa, na kila tukizungumza ananiambia niachane na Wajerumani, Kiingereza ninacho tayari, ninajitesa bure.

Pesa ni mkopo wa sacco, laki mbili na nusu. Haziwezi kugharimia njia zote mbili, na wadhamini wangu ni watu ninaokutana nao kila siku kwenye ngazi.

Kijerumani chenyewe sikichukii. Sisi wenye ngeli hatuna haki ya kulalamika sana. Kwao kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala yule. Mwalimu alipotueleza tulicheka darasa zima, halafu zoezi tukalifeli darasa zima.

Ninachotaka ni yale ambayo mawakala hawasemi: nyumba, mtoto kunifuata, na hali ya mtu jioni akishafunga mlango wake. Mshahara msinitajie, nimeusoma kwenye mabango mpaka nimekariri. Na asiniambie mtu kwamba kote ni sawa mradi nimetoka. Nitaishi huko, si kupita.

Mutua wa Cork

Dadangu, pole na zamu. Mimi nesi mwenzako, kutoka Kitengela, niko Cork tangu 2022.

Kwa makaratasi Ayalandi imenyooka. Unatuma maombi kwa NMBI, baraza lao la wauguzi, ada euro 350. OET wanataka B katika sehemu tatu na C+ katika moja. Usidharau ile barua ya kuandika. Ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza, kwa sababu mimi nilizoea kujaza faili kwa vifupisho. Wakishasoma vyeti vyako watakwambia ufanye mtihani Dublin au ufanye kazi wodini chini ya uangalizi kwa wiki kadhaa. Mimi nilifanya mtihani, mwajiri akalipa.

Nesi yuko kwenye orodha ya kazi adimu, kwa hivyo kibali chake kinaitwa Critical Skills, na kwa kibali hicho unaweza kumwombea mtoto mapema bila kungoja mwaka uishe. Baada ya miaka miwili unaomba Stamp 4, ruhusa ya ukaazi, hapo hakuna mwajiri wa kukushika shingo. Miaka mitano, uraia, na pasipoti ya Kenya unabaki nayo. Ila wakala akikwambia "anza kwanza kama mhudumu wa wazee, utapanda ukifika", mkatalie papo hapo. Kibali chake ni kingine, na suala la mtoto linaenda mwendo mwingine.

Sasa nyumba. Kaa chini kwanza.

Mwajiri alitupa chumba wiki sita. Baada ya hapo nilikwenda kuona chumba kimoja mtaa wa Douglas nikakuta foleni imefika kona, mithili ya Huduma Centre siku ya Jumatatu, kila mtu na barua ya mwajiri mkononi. Nilihesabu watu ishirini na watatu wanaotaka kitanda kimoja. Nilichopata mwishowe kilikuwa euro 750 kwa mwezi, jiko nikitumia pamoja na Wabrazili wawili na nesi mmoja Mhindi aliyekuwa akipika vizuri kutushinda sote. Mke wangu alipokuja tulitafuta nyumba miezi kumi na mmoja. Tunayo, ya vyumba viwili, na karibu nusu ya mshahara wangu haivuki tarehe tatu. Kuna wenye nyumba walionijibu vizuri kabisa mpaka niliposema tuna mtoto, kisha simu ikanyamaza.

Daktari wa kawaida mimi namlipa karibu euro 60 kila nikimwona. Watoto wa chini ya miaka 8 ni bure. Wako amekosa padogo. Pesa za mtoto serikali inatoa euro 140 kwa mwezi.

Jioni? Baridi yenyewe si ya kuua. Ni mvua, nayo haianguki, inakuja kwa ubavu. Desemba giza linaingia saa kumi na nusu. Lakini watu wanaongea! Kituo cha basi utajua ugonjwa wa goti la bibi usiyemjua. Kazini ujue tu kwamba mgonjwa akikwambia yuko "grand" hujaambiwa kitu. Mzee mmoja aliniambia yuko grand, kumbe nyonga imevunjika.

Na chakula: wana viazi vilivyopondwa pamoja na sukuma au kabeji, vinaitwa colcannon. Mke wangu ni wa Nyeri. Alionja, akanyamaza, akasema huu ni mukimo uliosahauliwa mahindi.

Nafula wa Leipzig

Sista, mimi niko upande wa pili, mwaka wa sita. Sitakuuzia Ujerumani, ila Mutua amekupa sura ya nyumba ya Ayalandi, mimi nikupe ya kwangu. Vyumba vitatu, ghorofa ya nne, tramu chini ya dirisha, na kodi haifiki theluthi moja ya mshahara. Leipzig si Munich wala Berlin. Kule hata Wajerumani wenyewe wanalia.

Siku ya kuchukua ufunguo nilifungua jikoni nikakuta ukuta na bomba mbili. Hakuna sinki, hakuna kabati, hata balbu aliyehama aliondoka nazo. Hiyo ndiyo desturi: jiko ni mali ya mpangaji, anahama nalo. Mwezi mzima tulipikia meko ya umeme juu ya stuli, vyombo tukiosha bafuni.

Lugha. B2 ninayo, ya karatasi. Siku zangu za kwanza wodini mwenzangu alinisomea presha, nikaandika 135. Alikuwa amesema 153, kwa sababu wao husema mia, tatu na hamsini, na sikio langu lilikamata tatu likaiandika palepale. Aliiona kabla daktari hajafika. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi nikaomba kila namba niandikiwe. Kitu kingine ni saa. "Halb drei" ni saa nane na nusu, nusu ya kuelekea saa tisa. Mimi nilielewa saa tisa na nusu, nikafika kwenye mkutano wa wodi watu wakikunja viti.

Diploma yetu pia haikubaliwi moja kwa moja. Nilipewa barua ya mapungufu, inayotaja yanayokosekana kwenye masomo yangu, nikafanya kazi kama msaidizi, kwa malipo ya msaidizi, mpaka nilipopita mtihani wa maarifa. Kuanzia A1 hadi kuitwa nesi kamili ilinichukua miaka mitatu na miezi miwili.

Lakini baada ya hapo, dada, maisha yametulia. Bima ya afya inakatwa kwenye mshahara, mwajiri akitoa sehemu yake, na nikimpeleka mwanangu kwa daktari sitoi pochi. Pesa ya mtoto ni euro 259 kwa mwezi. Tikiti ya kuzunguka nchi nzima kwa mabasi na treni za kawaida ilianza euro 49 mwaka 2023, sasa imepanda hadi 63, watu wananung'unika, mimi nakumbuka nauli ya Rongai siku ya mvua nakaa kimya. Jumapili maduka yamefungwa, na huruhusiwi hata kutupa chupa kwenye pipa la vioo kwa sababu ya kelele. Mwanzoni nilidhani ni wazimu. Siku hizi Jumapili nalala.

Ubaguzi upo, nisikufiche. Uchaguzi wa jimbo letu la Sachsen, Septemba 2024, chama cha AfD, wale wanaopinga wahamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 30 ya kura. Kwenye tramu nawatazama watu nikihesabu kimoyomoyo. Sidhani kama Mutua naye hana yake, Dublin walichoma basi na tramu Novemba 2023.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike, maana hayo mengine ungeyasikia popote. Ni umri wa binti yako.

Hapa Sachsen shule ya msingi ni miaka minne tu. Mtoto wa miaka kumi anagawanywa: huyu Gymnasium, ile inayoelekea chuo kikuu, yule Oberschule. Mwanangu alikuja na miaka tisa. Hesabu alikuwa akiwashinda, nakwambia kweli, lakini swali la hesabu limeandikwa kwa Kijerumani. Walimweka darasa la lugha, wakamfundisha kwa upole, na mwaka ulipokwisha akapelekwa Oberschule. Mlango haujafungwa, anaweza kuvuka baadaye, na walimu wake ni watu wazuri. Ila mimi nilimwona akikaa kimya mezani miezi minane, mtoto aliyekuwa haachi kuongea.

Piga hesabu. Wako ana minane. B1, B2, viza, na ile miezi ya msaidizi, akikufuata atakuwa na kumi au kumi na mmoja. Atafika wenzake wakiwa wameshagawanywa. Ungekuwa na mtoto wa miaka mitatu ningekwambia lipa B1 kesho asubuhi.

Babu wa Kayole

Mwanangu, hawa wamekupa ya mbele, mimi nikupe ya nyuma. Huyo aliyeingia mitini jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa? Kama liko, basi uende Ulaya ya mashariki au ya magharibi, ubalozi utauliza saini yake. Binti yangu alikwama miezi minane akimtafuta mtu aliyekuwa Mombasa anauza simu, na alipopatikana akataka alipwe ndiyo atie saini. Kabla ya OET na kabla ya hicho Kijerumani nenda Mahakama ya Watoto, Milimani, uombe amri ya malezi. Inachukua muda wake. Anza sasa mtoto akiwa hapa, si ukiwa huko unalia kwenye simu.

Na mamako umemwambia? Hilo hukuandika.

Sista wa Umoja

Nimewasoma ndani ya matatu, Jogoo Road imekwama, nikapitiliza kituo changu.

Nafula, asante. Nilikuwa nimepanga B1, B2, mshahara, yote kwenye daftari, na umri wa mtoto nimeuandika kama umri wa leo. Hakuna mahali nilipoongeza mwaka. Yeye Kiingereza anasoma vizuri kuliko mimi, anarekebisha wimbo wangu nikikosea maneno. Sitaki nimwone kimya mezani.

Kwa hivyo ya tarehe 15 silipi. Nimehuzunika kidogo, nilishaanza kuota ndoto zenye uma wa kike. Nitajiandikisha OET, na barua nitaifanyia mazoezi kila zamu ya usiku.

Babu, jina liko. Jumatatu niko nje ya kazi, nitapanda Milimani. Mama sijamwambia. Nitamwambia nikishajua tarehe, maana nikimwambia leo ataanza kumsukia mtoto sweta na mtoto atauliza.

Mutua, swali moja tu. Nje ya Cork na Dublin nyumba zikoje? Rafiki yangu anataja kaunti ya Mayo.

Mutua wa Cork

Mayo kodi iko chini, nyumba chache vilevile, ila huko foleni ni ya watu sita, si ishirini na watatu. Tatizo ni usafiri. Zamu ikiisha saa mbili usiku basi la mwisho limeshaondoka. Utahitaji gari, na leseni ya Kenya hawabadilishi. Unaanza upya: mtihani wa nadharia, leseni ya mwanafunzi, masomo kumi na mawili, ndipo mtihani wa barabarani.

Sista wa Umoja

Masomo kumi na mawili? Nimeendesha Probox ya mjomba Machakos hadi Nairobi miaka minne, na abiria wanane.

Mutua wa Cork

Hiyo ya abiria wanane usiiandike kwenye fomu.