Naomba ushauri: mwanafunzi wa tiba ya mionzi aliona kosa akanyamaza

Mkufunzi wa Vitendo

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia mafunzo ya vitendo ya wanafunzi wa tiba ya mionzi katika hospitali ambayo sitaitaja, na kuna jambo linaloninyima usingizi tangu wiki iliyopita.

Tulikuwa na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, aliyepangiwa mionzi mara 25 kwa wiki tano. Katikati ya tiba mpango wake ulirekebishwa, akachorwa alama mpya tumboni, lakini ile ya zamani haikuwa imefutika vizuri. Asubuhi hiyo mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka mingi alimlaza, akalinganisha mstari mwekundu wa leza na alama ya zamani, kisha wote wakatoka chumbani. Kwa bahati ilikuwa siku ya kupiga picha ya uhakiki kabla ya mionzi, na mifupa ya nyonga ikaonekana imesogea karibu sentimita 3. Mionzi haikuwashwa. Mgonjwa alilazwa upya, akatibiwa, akaenda nyumbani.

Kilichoniumiza ni kilichofuata. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa amesimama upande wa miguu, alikuwa na daftari lenye namba za kitanda za siku iliyotangulia, yaani vipimo vya mahali kitanda kiliposimama chini ya mashine, na aliona wazi kwamba hazilingani na za siku hiyo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, yule ni mkubwa wangu, nikadhani anajua nisilolijua mimi." Darasani huyu ndiye anayeongoza. Je, nimfelishe? Au kosa ni langu mimi niliyemfundisha kukokotoa dozi bila kumfundisha kufungua mdomo?

Mfizikia Tiba

Mkufunzi, ukimfelisha, wenzake watajifunza kuficha madaftari yao. Kumbuka kwamba amekujibu ukweli ulipomuuliza.

Mimi huwaanzisha wanafunzi kwa tukio la Kostarika la mwaka 1996, kwa sababu hesabu yake ni ya shule ya msingi. Mashine ya kobalti ilibadilishiwa chanzo cha mionzi, na wakati wa kupima nguvu ya chanzo kipya muda wa dakika 0.3 ukachukuliwa kuwa sekunde 30, ilhali ni sekunde 18. Chanzo kikaonekana dhaifu kuliko kilivyo, kila mgonjwa akapangiwa muda mrefu kuliko aliostahili, na walioathirika walikuwa 115. Ninawapa namba hizo bila kuwaambia kosa liko wapi, ninanyamaza, kisha ninaangalia nani atainua mkono. Wengi huliona mapema, lakini huinua mkono baada ya kutazamana kwanza. Kule kutazamana ndiko ninakokusahihisha, maana hesabu wanaijua.

Baada ya hapo ninawapeleka kwenye kiwiliwili cha plastiki, ninaweka kosa makusudi, kwa mfano kabari (kipande cha chuma kinachopunguza mionzi upande mmoja) iliyogeuzwa upande, na alama anapata yule atakayesema "simama". Jambo hili lisifanywe kamwe kwa mgonjwa aliye kitandani, hata kwa nia njema.

Zamu ya Usiku

Nawaheshimu wakufunzi, lakini hamjataja foleni. Kwa miaka mingi hapa Tanzania tiba hii ilipatikana Ocean Road peke yake, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, na hata baada ya hospitali ya Bugando, Mwanza, kuanza kuitoa, mashine bado ni chache na wagonjwa wanatoka mikoa ya mbali. Nikiwa na wagonjwa 60 kwa siku, na kila mwanafunzi akanisimamisha dakika mbili kuniuliza jambo, nimepoteza saa mbili, na wa mwisho kwenye foleni anatibiwa usiku. Mwanafunzi aandike maswali yake, tuyajadili baada ya zamu.

Mfizikia Tiba

Maswali ya kujifunza yasubiri, hapo nakubaliana nawe. Lakini kusoma namba za kitanda kwa sauti na kuzilinganisha na za jana ni sekunde 20. Kwa wagonjwa wako 60 ni dakika 20 kwa siku nzima, na kumpanga mgonjwa mmoja upya kunaweza kula muda huo wote.

Niliyehitimu Juzi

Naomba kusema kwa niaba ya yule mwanafunzi. Mtu uliyemwamkia "shikamoo" saa moja asubuhi huwezi kumwambia "umekosea" saa mbili, na zaidi mbele ya mgonjwa. Mimi nilisaidiwa na msimamizi mmoja aliyetupa maneno yenyewe tukayakariri: "Samahani dada, naomba tusome namba pamoja." Hakuna anayeaibishwa na maneno hayo, kwa kuwa hayasemi kwamba mtu amekosea. Na yeye mwenyewe, siku tulipomsimamisha bure, alisema "asante" kisha akaendelea na kazi. Bila ile "asante" sidhani kama tungethubutu mara ya pili.

Mama wa Vikao 25

Wanangu, mimi nilikuwa mgonjwa wa aina hiyo hiyo. Tulikuwa tunaambiwa tunywe maji kibofu kijae kabla ya kuingia, foleni ikichelewa tunateseka, halafu ukilala pale nguo imepandishwa, vijana wanne wamekuzunguka na hakuna aliyesema jina lake. Wanazungumza juu ya tumbo lako kama vile wewe haupo. Alama zangu nilizijua kuliko wao, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naoga kwa uangalifu zisifutike. Hakuna hata siku moja niliyoulizwa, "Mama, alama ya sasa ni ipi?"

Mkufunzi wa Vitendo

Nashukuru sana, na shukrani za pekee zikufikie wewe mama. Baada ya kusoma maneno yako nilimwendea yule mgonjwa wetu, nikamuuliza. Alikuwa ameona kwamba mstari mwekundu uko juu ya alama ya zamani. Naye alidhani tunajua.

Mwanafunzi sitamfelisha. Atarudia zoezi la kiwiliwili cha plastiki pamoja na wenzake wote, na fomu ya tathmini itakuwa na kipengele cha kusimamisha kazi, chenye alama sawa na kile cha kumlaza mgonjwa. Kuanzia Jumatatu mwanafunzi atajitambulisha kwa jina, atamwomba mgonjwa aonyeshe alama yake ya sasa, kisha atasoma namba za jana kwa sauti kabla mtu yeyote hajatoka chumbani. Nilikwenda kwa yule mtaalamu mwenye uzoefu nikitarajia ubishi, naye akaomba kikundi cha kwanza kianze kwenye mashine yake.

Ndugu wa Zamu ya Usiku, nitapima muda kwa saa ya ukutani wiki nzima, kisha nitakuja kukuambia tumepoteza dakika ngapi.