Nyie wanaume mnaojibu "karibuni sana" kwenye simu, huwa anapika nani?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Jana jioni natoka kazini Kariakoo, nimebanwa kwenye foleni ya mwendokasi ya Kimara, baba watoto anapiga. "Mama, wifi yako na watoto wanakuja, wapo kwenye treni, wameshapita Morogoro." Wameshapita Morogoro! Nikamuuliza amejua saa ngapi. Kimya kidogo, halafu: "Alinipigia mchana, nikamwambia karibuni sana." Mchana. Akakaa nalo mpaka jua linazama.

Hii treni ya umeme ni nzuri, sikatai, ila tangu ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 wenye nyumba Dar tumekwisha. Zamani mtu akitoka Dodoma kwa basi, safari inakula siku. Akikwambia asubuhi anapoondoka, mpaka anashuka stendi wewe umeshafua mashuka na maharage yameiva. Siku hizi mtu anakunywa chai kwake, anafikiria, anaamua leo nikalale kwa kaka, na saa nne hazijaisha yuko Dar na mabegi.

Kabla hamjanirarua, niwaambie hivi: mgonjwa anayekuja Muhimbili au mtu aliyefiwa, agonge hata saa tisa usiku, nitaamka na nitampikia uji. Sina neno. Hawa walikuja kununua nguo na kuwaonyesha watoto bahari. Bahari haihami. Ingewasubiri mpaka Jumamosi.

Sasa sikilizeni. Tuna chumba na sebule. Maji ni ya mgao, pipa moja ndilo linatuvusha mpaka yatoke tena. Tarehe 19, mshahara bado uko mbali. Nikashuka kituoni moja kwa moja kwa Mangi, nikakopa mchele, mafuta ya kupima, nyanya na mayai, akaandika kwenye daftari lake huku ananicheka. Nikapata kuku wa kisasa mmoja wa mwisho, kakonda. Nafika, naweka maharage, mtungi wa gesi unakata hata hayajachemka. Usiku huo niko kwa jirani naomba mkaa wa kuazima na kitenge cha ofisini bado kiko mwilini. Nawasha jiko nje, moshi machoni, na ndani nasikia sauti ya baba watoto, rimoti mkononi: "Mama, chakula bado? Watoto watafika wamechoka na safari."

Mimi je, nilitoka kwenye harusi?

Wifi akaingia, salamu nzuri, nikampokea mabegi, nikamtengea maji ya kuoga. Kukaa mezani, akamwangalia yule kuku: "Wifi, sisi kuku wa kisasa hatuli, anatusumbua tumbo." Watoto wake wakaacha sahani wakaomba soda. Wanangu wakalala chini kwenye mkeka kwa sababu kitanda chao kimekwenda kwa wageni, na huyu mdogo ana kifua. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwangu aliyepona ni Mangi peke yake.

Yote hayo ningemeza, tumelelewa hivyo. Kilichonileta hapa ni leo asubuhi. Nimeamka alfajiri, nimechemsha chai, nimekaanga maandazi, nimewahi daladala. Nafungua kundi la ukoo wa mume wangu la WhatsApp, nakuta wifi ameandika: "Tumefika salama kwa kaka, ila mwenyeji wetu hakuwa na furaha." Chini mashangazi wamejazana na vikatuni vya kulia. Mama mkwe kaandika kwamba wake wa mjini siku hizi hawapendi ndugu. Na mume wangu, aliyeona kila kitu kwa macho yake, kaweka kidole gumba. Kidole gumba, wakuu! Hata "mke wangu alihangaika" hakuandika.

Simu wote mnazo. Bando la kuangalia status za watu mnalo. Ujumbe wa "wifi, tunakuja Ijumaa, tuko watano" unashindikana vipi? Ningejaza gesi, ningeomba godoro kwa dada yangu, na huyo kuku wa kienyeji ningemtafuta.

Nimeshamwambia baba watoto: kuanzia sasa anayesema karibu kwenye simu ndiye anayewasha jiko. Kanijibu namdhalilisha mbele ya ndugu zake. Na mama mkwe amesema Desemba wanakuja wote.

Najua wapo humu wanaume wanaosubiri kunihubiria utu na mila. Karibuni. Ila kabla hujaandika, jibu kwanza hili: mara ya mwisho ndugu zako walipokuja ghafla, ile sufuria iliyoshika ukoko uliisugua wewe?